Ni haki kurusha sarafu kuamua kijana yupi asaidiwe?

Mleta mada:
Wakuu, nafundisha sera za jamii na kriminolojia (elimu ya uhalifu) chuo kikuu. Juzi mwanafunzi alifunga daftari katikati ya kipindi akaniuliza: mtafiti anayempa kijana huyu msaada na kumnyima yule ili awalinganishe, ana tofauti gani na mkatili? Sikumjibu vizuri, na swali limeniganda.

Msimamo wangu: ni haki, maadamu hatujui kama msaada wenyewe unafaa. Na mara nyingi hatujui, ila tunajiaminisha.

Utafiti wa Cambridge-Somerville, Massachusetts, Marekani, wa kuzuia uhalifu wa vijana, ulianza 1939. Wavulana 506 walipangwa wawili wawili, wa umri na hali zinazokaribiana, sarafu ikaamua nani kati yao ahudumiwe. Waliopata walitembelewa nyumbani na washauri, wakasaidiwa masomo, wakatibiwa, wengine wakapelekwa kambini wakati wa likizo. Mtafiti Joan McCord aliwafuatilia baada ya miaka 30, akachapisha matokeo 1978. Wengi wa waliohudumiwa walimwambia mradi uliwafaa. Ulinganisho wa makundi mawili ukasema vingine: waliohudumiwa ndio waliorudia makosa zaidi, walionyesha zaidi dalili za ulevi, na waliokufa walikufa wakiwa na umri mdogo zaidi. Bila wale waliokosa huduma, tungeshika shukrani za waliohudumiwa tu na kuuendeleza mradi.

Afisa ustawi:
Mwalimu, hapa nakupinga. Kijana akifika mezani kwangu hajala tangu jana, mdomo umemkauka, siwezi kumwambia sarafu imemkataa. Nyie mnaona takwimu, mimi naona macho yake.

Mleta mada:
Mpe chakula, ndugu yangu, hilo halina mjadala. Njaa haihitaji majaribio. Nazungumzia mipango ya kubadili tabia, kama ile ya kuwapeleka vijana gerezani watishwe na wafungwa, iliyovuma Marekani tangu miaka ya 1970. Wengi walioitazama waliamini inafanya kazi. Ilipopimwa kwa makundi yaliyopangwa kwa bahati nasibu, vijana waliopelekwa walivunja sheria zaidi kuliko waliobaki nyumbani. Na waliowapeleka waliwapenda vijana hao.

Mwanafunzi wa uzamili:
Nyote mnamzungumzia kijana kana kwamba hayupo. Aelezwe kabla sarafu haijarushwa, kwa lugha anayoielewa, na awe na ruhusa ya kukataa bila kuadhibiwa. Kijana aliye mikononi mwa mahakama akisema "ndiyo", hiyo ni ridhaa au ni woga? Na aliyekosa apewe huduma utafiti ukiisha.

Mleta mada:
Hilo la woga umenishika, na nitalifundisha hivyo. La kumpa baadaye linafaa matokeo yakiwa mazuri. Yakiwa mabaya, tunaodaiwa nao ni wale waliopewa kwanza. Wao tuwafidie nini? Hapo nahitaji msaada wenu.