Nini inafanya usome maandishi ya mutu mpaka mwisho?

Mutoto wa Katuba

Jambo ba ndugu wote, ba mama, ba yaya. Niko na ulizo moja inanisumbua tangu miezi. Mie ninaandikaka ku blogu yangu mambo ya maisha hapa Lubumbashi, mara moja kwa juma, wakati ingine mbili, halafu ninaitumia bantu ba nyumbani na ba rafiki ku WhatsApp. Banajibu "muzuri sana", banajibu "kuraje". Lakini siku moja nilikaa na mudogo wangu mwanamuke ku parseli, nikamuangalia vile anasoma ku telefone, akasoma mistari mbili tatu, kidole ikapita mbio mpaka chini, akasema iko muzuri kaka. Iliniumiza, juu ile nilikuwa nimeiandika mu usiku mbili, ilikuwa juu ya papa wetu mwenye alikufa, na ye alimupenda papa kuliko mie.

Kisha nikaisoma tena sawa mutu mugeni. Inaanza hivi: "Maisha ni safari ndefu yenye milima na mabonde, na kila binadamu ana historia yake." Nilimutafuta papa mu mistari kumi ya kwanza, sikumuona.

Sasa ninauliza. Sitafute pesa, sitafute bantu elfu, ninataka paka kujua: wakati munafika ku maandishi ya mutu hamumujue, anaandika juu ya maisha yake, nini inafanya mubaki? Ni luga? Ni foto? Ni urefu? Na niandike mu Swahili gani, ile ya kitabu ao hii yetu? Mu Kifaransa pia ninaandikaka lakini kule ninasikia sawa niko mu biro ya mutu, ninaomba kazi.

Mama wa Soko Kenya

Mwanangu pole kwa papa. Mie ninauza unga na maharagi hapa soko ya Kenya, ile komine ya Lubumbashi, ninasomaka asubui mbele ba kiliya bafike na saa ya jua kali wakati bantu bamepunguka. Kwa hiyo mie kila siku ninasoma na kukatizwa. Mutu anakuja, mama unipimie meka mbili (meka ni kopo ya kupimia), ninaweka telefone chini, ninapima, tunabishana bei, anaenda. Kama moyo yangu ilibaki kule mu telefone ninajua ile maandishi iko muzuri. Kama nimesahau hata ilikuwa inasema nini, basi haikuwa na kintu.

Nitakupa mufano moja. Kuko mama mumoja anaandikaka, simujue sura, aliandika siku ya posho, ile chakula kampuni ilikuwa inagawia bafanya kazi, kule ku kambi ya kampuni wakati alikuwa mutoto. Ye hakuanza na "zamani tulikuwa na maisha muzuri", ile kila mutu anasema. Alianza na mufuko. Mama yake alikuwa ameshona mufuko na nguo mbili za kuzeeka, moja ya mauwa, moja ya mistari, juu unga isimwangike, na ye mutoto alikuwa anasikia haya kuibeba juu wenzake banakuja na magunia muzuri. Alitumwa kushika fasi mu mulolongo mbele jua itoke. Akaandika harufu ya samaki ya kukausha, akaandika vile mwenye kupima alikuwa anagonga kipimo na mukono ju unga ishuke, na vile mama yake alimuangalia ule mwenye kupima bila kusema kintu. Halafu ku njia ya kurudi akatia kidole mu mafuta akalamba, na mafuta ikadondoka ku ile nguo ya mauwa, na akalia njia yote juu alijua atapigwa.

Mie nilikuwa na kiliya mbele yangu ananiita mama, mama, sikumusikia. Juu mama yangu pia alishona mufuko. Sikuikumbuka miaka makumi tatu, ile mama hanijue, akanirudishia mufuko ya mama yangu.

Kwa hiyo kwangu ni ile. Uniambie kintu uliona na macho yako. Mu mwezi ya kumi wakati jakaranda inaangusha mauwa ku bulevare kila mutu anaweka foto, ni sawa iko ya kupendeza, lakini mie ninapenda ule mwenye ataniambia mama mwenye kufagia ile mauwa asubui anaipeleka wapi. Mvua ya kwanza ikikuja, inswa (kumbikumbi) inatoka, uandike ni nani ku parseli yenu anaweka beseni ya maji chini ya taa, na banabishana namna gani juu ya kugawa. Na uandike bei! Ninasema kweli, batoto bako batataka kujua meka ya unga ilikuwa faranga ngapi mu mwaka huu, na hakuna mutu mwingine atawaambia.

Likasi Yetu

Mama amesema kweli lakini mie nitaongeza mambo ya telefone, juu bengi banasahau. Mie ninasoma na mega (data ya intaneti) ya kununua, kidogo kidogo. Mutu anaweka foto kumi na mbili, kila moja nzito, ukurasa inazunguka, inazunguka, mega inaisha mbele nisome hata musitari. Foto moja yenye kusema kintu inatosha, na uipunguze uzito mbele ya kuiweka.

Tena ukate maandishi, uache nafasi. Ukiandika mu kipande moja toka juu mpaka chini, macho inapotea ku kioo kidogo. Urefu hainisumbue, nimeshasoma maandishi ya saa nzima mu basi toka Likasi mpaka Lubumbashi na nikafika nikiwa ningali ninasoma. Rangi ya maandishi pia, mweupe juu ya njano hapana, tafazali.

Muzee wa Kamalondo

Mwanangu wa Katuba, mimi nilifundisha miaka mingi, na nilikuwa wa kwanza kusahihisha watoto: si "iko", ni "ni", si "bantu", ni "watu". Ile ilikuwa kazi yangu na sijuti, mtoto lazima ajue Kiswahili cha kitabu, kitamsaidia akifika Dar es Salaam au Mombasa. Lakini ulizo yako ya luga imenigusa na ninataka kukupa ushuhuda.

Katika huu muji wetu wa Lubumbashi, mwaka 1965, ungali unaitwa Elisabethville, kuna mtu aliandika historia ya muji. Jina lake André Yav. Hakuwa profesere. Aliiandika kwa ajili ya shirika la watu waliokuwa maboi, wale waliofanya kazi ndani ya nyumba za wazungu, kupika, kufua, kulea watoto wa wengine. Akaiita *Vocabulaire de la ville de Elisabethville*. Kichwa ni Kifaransa, ndani ni Swahili ya hapa, ile ile ambayo mimi nilikuwa ninaifuta na kalamu nyekundu. Ndani yake kuna ma bwana na maboi, kuna mishahara, kuna chakula, kuna vita, muji unavyoanza na unavyokua, vyote vikiwa vimetazamwa toka mlango wa jikoni.

Sasa sikiliza. Maandishi yake hayafuati sheria, maneno yanaungana ama yanakatika fasi isiyo yake, nukta hazionekani. Miaka ikapita, mwanachuoni Johannes Fabian akaipata, na ili kuielewa akamwomba mwenzake mwenye kuongea hii Swahili, Kalundi Mango, aisome kwa sauti. Ikisomwa kwa sauti, inafunguka. Yale yalikuwa masolo, mtu anaongea na wenzake, kalamu inamfuata mbio. Kitabu kikatoka mwaka 1990 pamoja na tafsiri ya Kiingereza, na leo maandishi yenyewe yanasomwa kwenye intaneti.

Mabwana wangapi wa Elisabethville waliandika barua na ripoti kwa Kifaransa safi, na ni nani anazisoma kwa mapenzi? Yav ninamsoma, na kuna mahali ninasimama kwa sababu ninasikia sauti ya baba yangu mdogo, naye alikuwa boi.

Kwa hiyo ushauri wangu: ukimaliza kuandika, usome kwa sauti mbele ya mtu wa nyumbani. Penye ulimi unakwama, pale si wewe ulikuwa unaandika. Ile "safari ndefu yenye milima na mabonde", ulishawahi kuisema ukiwa unakula bukari (ugali) na ndugu zako? Hapana. Basi iondoe. Sisemi uandike ovyo. Jina la mtu uliandike sawa, jina la kartiye uliandike sawa, tarehe uichunguze, mambo hayo ni heshima kwa msomaji.

Binti wa Kadutu

Mie niko Bukavu, mutanisamehe Swahili yetu ni tofauti kidogo. Muzee aksanti sana, sikuwa najua ile ya Yav, leo usiku nitaitafuta.

Kwangu kintu ya kwanza ni ukweli. Minasomaga bantu benye wanaandika maisha yabo yote iko ya kushinda tu, kila shida inaisha na ushindi, na mimi sibakiyake pale. Mwaka 2021 wakati volkano ya Nyiragongo ilipasuka tarehe 22 mwezi wa tano, na siku chache nyuma bakasema bantu ba Goma batoke, bengine bakaenda Sake, bengine bakapanda mashua bakakuja huku kwetu, nilisoma maandishi mingi sana ile wakati. Nyingi ilikuwa "tunamuomba Mungu, Goma utasimama", na mi pia nilikuwa naomba. Lakini moja tu njo ningali nakumbuka. Kijana mumoja aliandika bintu alibeba mu mukono wakati wa kukimbia usiku: sharja ya simu bila simu yenyewe, na kiatu moja ya mutoto. Akaandika vile alitembea mpaka Sake na ile kiatu moja, na hakuweza kuitupa. Hakueleza zaidi. Nililia.

Lakini kuko upande ingine, na ile nimeilipa mwenyewe. Niliandika juu ya ndoa ya mama mukubwa wangu vile ilivunjika, sikutaja jina, nikazani inatosha. Bantu ba familia bakatambua mara moja. Mama mukubwa hakunisemesha miezi saba. Ilikuwa maandishi yenye bantu walisoma kuliko yote niliandika, na niliiondoa, na ningeiondoa tena hata leo. Tangu pale, kama ni mambo ya mutu mwenye angali anaishi, ninamupelekea kwanza asome. Akikataa, basi.

Halafu usituahidi kila juma. Kama juma hii hauna kintu, kaa kimya, tutakungojea.

Mutoto wa Katuba

Aksanti, aksanti sana wote. Muzee, nilifanya vile ulisema, nilisoma kwa sauti, na ulimi ilikwama fasi tisa, nilizihesabu. Binti wa Kadutu, papa hayuko tena wa kumuuliza, lakini niliuliza mama, akasema andika, paka usiandike ugonjwa. Sitaandika ugonjwa.

Niliandika upya. Ninaweka hapa mwanzo tu, mniambie:

"Papa alikuwa anafanya kazi ya usiku. Asubui tulikuwa tunamungojea ku mulango na beseni ya maji, na ye alikuwa ananawa mikono mbele ya kutusalimia, maji inakuwa nyeusi, ananawa tena. Kisha anafungua gamela yake ya kijani. Kila siku alikuwa anabakisha kipande ya mukate mule ndani. Alikuwa anasema ameshiba. Ile mukate ilikuwa ya mudogo wetu, na shiye wakubwa tulikuwa tunajua haikuwa ya kwetu, lakini tulikuwa tunaangalia."

Mama wa Soko Kenya

Sasa papa yako nimemuona. Mukate ilikuwa kavu ao ilikuwa ingali laini? Na mudogo alikuwa anawagawia ao alikula peke yake? Usiache bila kusema!

Likasi Yetu

Nimefungua, imefunguka mbio. Na ile "lakini tulikuwa tunaangalia", usiiguse, iache vile vile.

Muzee wa Kamalondo

Nimeisoma kwa sauti hapa nyumbani, mke wangu akatoka jikoni kusikiliza. Neno moja tu: mwanzoni sema ni kazi gani ya usiku, msomaji wa mbali hatajua maji yanakuwa meusi kwa nini.

Mutoto wa Katuba

Nitaongeza Muzee, ilikuwa mu mugodi.

Nilimutumia mudogo jana mangaribi. Hakujibu. Nikazani ni sawa ile siku ingine. Usiku saa ine akapiga simu, na hakusema "muzuri sana", alianza na kunigombeza. Gamela haikuwa ya kijani kaka, ilikuwa ya bluu, na kipini yake ilikuwa imevunjika papa akaifunga na waya ya umeme, yenye rangi nyekundu, unasahauje? Na mukate hakuwa anaila peke yake. Alikuwa anaenda nyuma ya choo kugawana na mutoto wa jirani, ule mwenye papa yake alikuwa amefukuzwa ku kazi, na papa wetu alijua, juu siku moja alimukuta, akarudi nyuma bila sauti, na kesho yake mu gamela kukawa vipande mbili.

Mie ile sikuijua. Tulibaki ku simu mpaka inite yake ikaisha, nikamupigia mie.

Mama wa Soko Kenya, alisema ilikuwa kavu. Na gamela ingali iko, kwa nkambo kule Likasi, anawekaka chumvi ndani. Siku ya posho (jumamosi) ninapanda basi kuiona. Nitapiga foto moja, nyepesi.