Matembezi ya familia Vancouver, Canada: Stanley Park, Burnaby Mountain au Capilano?

MamaWawili
Wapendwa, hamjambo? Wazazi wangu wanakuja kutoka Morogoro mwezi wa saba, na nataka Jumamosi moja tutoke wote. Mama anasumbuliwa na magoti, na mdogo wetu bado anasukumwa kwenye kigari. Natafuta msitu wenye njia tambarare, na watoto waone kazi za mikono za wenyeji wa asili wa huku. Nimetajiwa Brockton Point ndani ya Stanley Park, Burnaby Mountain, na Capilano kwenye daraja la kuning'inia. Mliokwenda na watoto mngechagua wapi?

Shangazi_EastVan
Stanley Park, mwanangu, bila kusita. Pale Brockton Point nguzo zote tisa za mbao zilizochongwa na wenyeji wa asili (totem) ziko pamoja kwenye uwanda wa nyasi, miti mirefu nyuma yake, na njia ni lami tupu. Vyoo viko hapo hapo.

Ila msizipite mbio kwa ajili ya picha. Itafuteni ile fupi yenye ndege wa radi, yule wa hadithi za wenyeji, aliyetandaza mabawa, na chini yake dubu aliyemshika mtu. Ile ya awali aliichonga Charlie James, wa Wakwakwaka'wakw, wenyeji wa asili wa pwani ya kaskazini. Mnayoiona sasa ni nakala ya Tony Hunt ya mwaka 1987. Kisha itafuteni Kakaso'Las, iliyochongwa mwaka 1955 na Ellen Neel, mjukuu wa huyo huyo Charlie James. Alijifunza kwa babu yake enzi ambazo uchongaji ulihesabiwa kazi ya wanaume. Mimi wanangu wa kike nimewasimamisha pale na kuwasimulia, na nitawasimulia wajukuu.

Juma_Burnaby
Burnaby Mountain msiidharau. Kule kuna Kamui Mintara, nguzo nyembamba zilizochongwa na Nuburi Toko na mwanawe Shusei, Waainu wa kaskazini mwa Japani, kuenzi udugu wa miji ya Burnaby na Kushiro ulioanza mwaka 1965. Ukisimama katikati yake unaona mkono wa bahari chini na milima ng'ambo. Watu ni wachache kuliko Stanley Park, na watoto wana nafasi ya kukimbia. Lakini dada, pana mteremko. Kwa magoti ya mama mtabaki sehemu ya juu tu, na upepo upo, mbebe sweta.

Kibibi
Capilano hapana, kwa familia yako. Daraja lina mita 140, liko mita 70 juu ya mto, na linayumba kila watu wakipita. Kigari hakifai pale, na tiketi za watu sita zitakukausha. Nguzo zipo ndiyo, tangu miaka ya 1930, ila wengi wanafuata daraja.

MwanaKilifi
Naungana na Shangazi, na naongeza moja. Pale Brockton kuna nguzo ya Chifu Skedans, ya Wahaida, nao ni wenyeji wa asili wa pwani ya kaskazini. Ile ni nguzo ya msiba, inamkumbuka marehemu. Bill Reid aliichonga upya mwaka 1964 kwa kufuata ya zamani. Sisi Wamijikenda tuna vigango, nguzo za mbao tunazowasimikia marehemu wa chama cha Gohu, na kigango kikishasimikwa hakihamishwi. Vingi viliibwa, vikauzwa hadi Marekani, na baadhi ya majumba ya makumbusho yameanza kuvirudisha Kenya. Wahaida na jirani zao nao nguzo zao zilibebwa hivyo hivyo. Mwaka 2023 Wanisga'a, mmoja wa jirani hao, walirudishiwa ya kwao kutoka Scotland. Wazee wa Morogoro ukiwaeleza kwa njia hiyo wataelewa mara moja wamesimama mbele ya nini.

Nuru604
Nakubaliana na mahali, lakini mmeanza katikati. Nguzo nyingi pale ni za watu wa kaskazini. Za kwanza zililetwa miaka ya 1920 kutoka Alert Bay, kijiji cha Wakwakwaka'wakw. Wenye ardhi ya Vancouver ni Wamusqueam, Wasquamish na Watsleil-Waututh. Kwa hiyo anzieni kwenye malango matatu ya mwerezi ya Susan Point, Mmusqueam, yaliyosimamishwa mwaka 2008. Halafu nendeni kwenye nguzo ya Robert Yelton ya mwaka 2009. Aliichonga kwa heshima ya mama yake, Rose, ambaye familia yake iliishi hapo hapo Brockton Point kabla watu hawajaondolewa ili hifadhi ibaki ya wageni. Watoto wajue hapa palikuwa na nyumba, na watu wakipika.

Mkimaliza, fuateni njia ya ufukweni taratibu hadi Lumberman's Arch. Palikuwa na kijiji, Xwayxway. Mwaka 1888 wajenzi wa barabara walichimba malundo ya makombe ya baharini yaliyoachwa na wanakijiji kwa vizazi, wakayatandaza kuwa barabara. Siku hizi kiangazi watoto wanachezea maji hapo, wabebee nguo za kubadilisha.

MamaWawili
Asanteni sana, Brockton imeshinda. Shikamoo Shangazi. Kwa basi inawezekana? Gari letu halitutoshi wote.

Shangazi_EastVan
Marahaba mwanangu. Pandeni namba 19 kutoka mjini, inaishia ndani ya hifadhi, mkatembee kidogo. Gari mwacheni mama na mdogo waende nalo hadi kwenye nguzo. Maegesho ni ya kulipia, na Jumamosi za kiangazi yanajaa, hivyo fikeni asubuhi.