Nimeungama, mbona bado nalia? Naombeni ushauri

Mkesha: Habari za jioni wapendwa. Miaka minne iliyopita nilitoa mimba. Sababu zilikuwepo, sitaziandika hapa. Mwaka jana nilijikaza nikaenda kuungama. Padri hakunifokea, alinipa kitubio, akaniondolea dhambi, akaniambia niende na amani. Amani yenyewe sijaiona. Wakati wa komunyo nasogeza magoti pembeni wengine wapite, mimi nabaki kwenye benchi. Akiletwa mtoto kubatizwa, natoka nje. Ningekuwa nimesamehewa kweli, si ningeacha kulia? Mtu pekee niliyemwambia alinijibu, "Ulijitakia."

Dada Mkubwa: Pole sana mdogo wangu. Umechanganya vitu viwili, nami nilivichanganya miaka mingi. Dhambi husamehewa, msiba huliliwa. Mjane akilia hatusemi Mungu amemkasirikia. Wewe umefiwa, ila hakuna aliyekuja kukupa pole. Kama unahofia padri yule hakuwa na mamlaka, ondoa shaka: tangu Novemba 2016 Papa Fransisko aliwapa mapadri wote ruhusa ya kuondolea dhambi hii. Na Yohane Paulo wa Pili, katika waraka wake wa 1995 kuhusu uhai, aliwaandikia wanawake kama sisi moja kwa moja, akatuomba tusikate tamaa. Kapokee komunyo, mdogo wangu.

Msema Kweli: Dhambi ni dhambi, tusiipambe.

Dada Mkubwa: Ameshaungama. Unataka aungame na kwako?

Ummu Rehema: Mimi Muislamu, dada, lakini kilio chako nakijua. Kilichonishika mkono ni aya ya 53 ya Surat Az-Zumar. Inazungumza na waliojidhulumu nafsi zao, na inaanza kwa kuwaita waja Wake kabla kosa halijatajwa. Niliisoma usiku mmoja nikakaa kwenye mswala hadi alfajiri.

Mshauri: Si kila aliyetoa mimba huhuzunika, wapo wanaopata nafuu, wapo wanaopata yote mawili kwa pamoja. Ila ukikosa usingizi wiki nzima, chakula hakipiti, au ukawaza kufa, mwone daktari au mnasihi siku hiyohiyo. Sala uendelee nayo.

Mkesha: Asanteni. Usingizi ninao, nakula. Hilo la kufiwa nimelisoma mara tatu, hakuna aliyewahi kuniambia hivyo. Jumapili kuna ubatizo. Nitakaa benchi la nyuma, karibu na mlango, nijaribu kutotoka.