Naomba ushauri: mkutano wa tawi tuuweke saa ngapi ili wenzetu wa zamu nao wafike?

Katibu_Kiwalani

Wakuu, habari za muda huu. Mimi ni katibu wa tawi la chama huku Kiwalani, Dar. Chama sikitaji, maana shida hii naamini ipo kwenye matawi ya vyama vyote na sitaki uzi ugeuke wa kurushiana maneno.

Daftari letu lina wanachama 86. Zaidi ya nusu wanafanya kazi kwa zamu: viwandani Barabara ya Nyerere, machinjioni Vingunguti, ulinzi, uwanja wa ndege, na manesi wawili. Mkutano ni Jumapili ya kwanza ya mwezi, saa 4 asubuhi. Nimeingia uongozini nikaukuta hivyo. Wanaokuja ni walewale 15 au 16: wastaafu, wenye maduka, na sisi viongozi.

Mwezi uliopita dada mmoja wa kiwanda cha plastiki alitoka naiti akaja mkutanoni moja kwa moja bila kupita kwake. Alikaa benchi la nyuma, kajifunga kanga juu ya sare. Tunasoma muhtasari wa kikao kilichopita, yeye tayari kaegemeza kichwa ukutani. Daftari la mahudhurio lilipomfikia aliandika nusu ya jina, kalamu ikateremka mpaka mstari wa chini. Nimeliangalia tena leo, bado liko vile. Ajenda iliyomleta ni ya taa kwenye njia ya kutokea kituo cha daladala, na aliileta yeye mwenyewe. Ilikuwa ya sita. Zamu yake ilipofika ikasemwa muda umekwisha, isogezwe kikao kijacho. Anayeipita njia ile saa 5 usiku akitoka kazini ni yeye. Walioisogeza, saa hiyo wote wameshalala.

Kuna jingine linaloniuma. Wajumbe wetu wa mkutano wa kata tuliwachagua kwenye kikao cha namna hiyohiyo. Kati ya watano hakuna hata mmoja anayefanya kazi kwa zamu.

Mwenyekiti wangu ni mtu mwema, ila kauli yake ni kwamba anayekipenda chama atapata muda. Naombeni mawazo.

Deiwaka_Vingunguti

Mkuu, mimi ni mmoja wa hao unaowasema, ingawa si tawi lako. Naomba mwenyekiti aelewe siku yetu inavyokwenda. Natoka saa 12 asubuhi. Foleni, nafika nyumbani saa 2. Naoga, nakula kiporo, mtoto anataka daftari, jirani kafungulia redio. Usingizi unanichukua kwenye saa 4. Kwa hiyo saa 4 asubuhi ya kwenu, kwetu ndiyo usiku wa manane. Ukiniita mkutanoni saa hiyo ni sawa na mimi nikuite wewe saa 8 usiku, halafu usipokuja niseme hukipendi chama.

Msimamizi_wa_Zamu

Kazi yangu ni kupanga ratiba ya watu kiwandani, kwa hiyo hili nalijua kwa vidole. Kwanza uliza tawi lako lina zamu za aina gani, usiweke wote kapu moja.

Wa zamu tatu wanaingia saa 12 asubuhi, saa 8 mchana na saa 4 usiku. Ukiweka mkutano saa 10 na nusu jioni, wa asubuhi wameshatoka, wa usiku wameshaamka na bado wana muda. Unawakosa wa mchana tu. Ukiweka saa 4 asubuhi unampata wa mchana peke yake, maana wa asubuhi yuko kazini na wa usiku kalala. Yaani saa mliyoichagua ndiyo inayokosa wengi zaidi.

Wa zamu mbili, saa 12 kwa saa 12, wana shida nyingine ambayo viongozi wengi hawaioni. Kwa kawaida wanabadilishana wiki kwa wiki: wiki hii mchana, ijayo usiku. Jumapili ya kwanza hadi Jumapili ya kwanza mara nyingi ni wiki nne. Nne ni namba shufwa. Maana yake mtu aliyekuwa usiku mkutano uliopita, na huu atakuwa usiku. Miezi miwili mitatu inapita mkutano unamkuta palepale, mpaka uje mwezi wenye Jumapili tano ndiyo mzunguko ukatike. Hapo nyie mnasema huyu ni mvivu wa vikao. Kaeni kila baada ya wiki tano, au mruke wiki moja kila mara ya pili, utaona sura mpya.

Katibu_Kiwalani

Hili la wiki nne limenishtua. Nimefungua daftari sasa hivi. Kuna mlinzi mmoja alikuja Machi na Aprili, akapotea, halafu akarudi. Tulishaanza kumsema.

MzeeMabibo

Wanangu, niongeze la zamani kidogo. Wakati wa chama kimoja, tawi la chama lilikuwa hukohuko kazini. Mimi nilikuwa kiwanda cha nguo na kikao chetu kilikaa kwenye makutano ya zamu: hawa wanatoka, wale wanaingia, mnaonana saa nzima. Hakuna aliyeuliza saa ngapi. Vyama vingi vilipokuja mwaka 1992, sheria ikapiga marufuku matawi mahali pa kazi, na ilikuwa haki, kwa sababu mfanyakazi alikuwa hana pa kukimbilia ikiwa bosi na chama ni kitu kimoja. Matawi yakabaki mitaani. Lakini mtaani saa za vikao zilikuwa za watu wa mtaani: mwenye duka, mwalimu aliyestaafu, baba mwenye nyumba. Mfanyakazi wa zamu alihamishiwa tawi la nyumbani kwake na hakuna aliyemsogezea saa. Miaka zaidi ya 30 sasa. Hao wenzako wa zamu hawakukikimbia chama, ratiba ndiyo iliyowaacha nje.

Katibu_Kiwalani

Shikamoo mzee wangu. Nitayasoma maneno haya kwenye kamati kama yalivyo.

MzeeMabibo

Marahaba mwanangu.

Bint_Buguruni

Kaka katibu, naona uzi unaelekea jioni, na mtu atakuja kusema basi tukae saa 2 usiku watu wote wametulia. Tafadhali msifanye hivyo. Huyo dada wa taa ndiye ushahidi wako. Kama njia haina taa, mwanamke atatokaje kikaoni saa 4 usiku? Atakuja mara moja, mara ya pili mumewe au mama yake atamkatalia. Kikao kiishe kabla ya Magharibi, na wenye watoto waruhusiwe kuja nao. Sisi tuliweka mkeka pembeni na binti mmoja wa kuwaangalia, tukamchangia nauli na soda. Akina mama waliongezeka siku hiyohiyo.

Na ajenda ya mtu aliyetoka kazini iwe ya kwanza. Hilo halihitaji kubadili saa wala katiba.

Kada_Mkongwe

Mimi napinga kidogo kabla hamjakubaliana wote. Tawi ni watu kuonana uso kwa uso. Ukianza vikao viwili viwili, wa jioni watapitisha hili, wa asubuhi watapitisha lile, baada ya mwaka una matawi mawili ndani ya tawi moja, na kila kundi lina kiongozi wake. Nimeyaona. Na akidi je, ile idadi ya chini ya watu inayohalalisha kikao? Nani atahesabu?

Wakili_wa_Mtaani

Hoja ya Kada ni nzito, tusiipite juu juu. Jibu lake ni kufanya mkutano mmoja wenye vipindi viwili, usiwe mikutano miwili. Taarifa moja, ajenda zilezile, daftari moja. Kipindi cha kwanza Jumamosi saa 10 na nusu jioni, mnaahirisha, mnaendelea Jumapili asubuhi. Muhtasari wa Jumamosi unasomwa Jumapili kabla ya lolote. Kura za kila ajenda zinaandikwa vipindi vyote viwili na matokeo hayatangazwi mpaka cha pili kiishe. Kabla ya yote someni katiba na kanuni za chama chenu kuhusu akidi na kuahirisha. Ikiwa kimya, pelekeni barua wilayani mpate ruhusa ya maandishi. Kwenye uchaguzi wa ndani msijaribu bila ruhusa hiyo, mtakatiwa rufaa na mtashindwa.

Mengine mafupi. Sheria ya Vyama vya Siasa inadai taarifa polisi saa 48 kabla kwa mikutano ya hadhara. Mkutano wa ndani wa wanachama ni jambo jingine, ila ukiweka spika nje ya ukumbi usishangae ukiulizwa. Msikae ndani ya uzio wa kiwanda hata bosi akiwaruhusu. Na Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inampa mfanyakazi saa 12 mfululizo za kupumzika kati ya siku na siku, na saa 24 kwa wiki. Siku hiyo ya mapumziko ndiyo pekee mtakayomwomba, kwa hiyo msimwite kuja kusikiliza salamu za viongozi dakika 40.

Nesi_Zamu

Sisi ratiba yetu inatoka mwisho wa mwezi, na kubadilishana na mwenzako lazima uombe mapema. Mkitangaza mkutano siku tatu kabla, mmeshanikosa. Nitangazie wiki mbili mbele nitapanga. Pia mimi ni mtumishi wa umma: kuwa mwanachama naruhusiwa, siasa saa za kazi siruhusiwi, kwa hiyo msinipigie simu nikiwa wodini kuniuliza kura yangu. Grupu la WhatsApp litumike kupeleka ajenda na muhtasari. Si kila mtu ana bando, maamuzi yasifanyikie huko.

Katibu_Kiwalani

Wakuu, nimerudi. Kamati imekaa jana. Nilipeleka mambo matatu: mkutano mmoja wa vipindi viwili kama alivyoeleza Wakili, tangazo wiki mbili kabla, na ajenda za wanaotoka kazini kutangulia. Mwenyekiti alibisha mpaka nilipomchorea kalenda ya wiki nne nyuma ya bahasha. Akaniomba ile bahasha abaki nayo. Amekubali tujaribu miezi mitatu, na barua ya wilayani kaisaini mwenyewe. Ajenda namba moja ni taa. Nimempigia yule dada jioni hii kabla hajaingia kazini, akaniuliza mara mbili kama ni kweli ni ya kwanza.

Lindo_Gongo

Katibu hongera. Ila sisi walinzi wa saa 12 kwa 12, Jumamosi saa 10 na nusu jioni, wa mchana tupo lindoni, na wa usiku tunatakiwa kuwa getini saa 12 kasoro robo. Jumapili ndiyo hivyo tena. Sisi mtatuweka wapi?

Katibu_Kiwalani

Ndugu, hapo bado sina jibu. Walinzi kwetu ni tisa. Wiki hii nawapitia mmoja mmoja nipate siku zao za kupumzika, nitarudi hapa na orodha tuitazame pamoja.