MRI ya kichwa imekuta anurizimu ya milimita 4: upasuaji au kusubiri?

Mdodosi: Wakuu, MRI ilipigwa kwa ajili ya kizunguzungu tu. Ripoti: anurizimu (ukuta wa mshipa wa damu uliotuna kama puto) ya mm 4, ateri ya kati ya ubongo, haijapasuka. Pia kuna "vena yenye maumbile tofauti" upande wa mbele. Mgonjwa ana miaka 52, ana presha, anavuta sigara, anameza aspirini ya moyo. Aanzie wapi?

Picha na Kivuli: Aanze kwa kuhakikisha ni anurizimu kweli. Kivimbe cha mm 2 au 3 pale tawi linapochipuka mara nyingi ni shina pana la mshipa: lina umbo la faneli, na tawi linatokea nchani. MRI ya kawaida haitoshi kutofautisha. Aombe MRA (MRI ya mishipa ya damu; inaweza kupigwa bila dawa ya rangi) au CT ya mishipa. Hiyo ya pili inahitaji rangi, kwa hiyo figo zipimwe kwanza. Ripoti itaje urefu, upana wa shingo ya anurizimu na kama kuna kichomozo juu yake. Marudio yapigwe kwa njia ileile, la sivyo tofauti ya nusu milimita itawatisha bure.

Mshipa Mkuu: Takriban watu wazima 3 kati ya 100 wana anurizimu, wengi bila kujua. Kwa alama za PHASES (kipimo cha kukadiria hatari ya anurizimu kupasuka): presha 1, ateri ya kati 2, ukubwa chini ya mm 7 sifuri. Jumla 3, yaani uwezekano wa kupasuka ndani ya miaka 5 ni kama 0.7%. Kuiziba kwa koili (waya laini unaojazwa ndani yake) au klipu (kibanio cha shingoni mwake) kwa kawaida kuna hatari kubwa kuliko hiyo. Ila PHASES haihesabu sigara, na sigara ndiyo adui hapa. Aache, presha idhibitiwe, picha irudiwe baada ya miezi 6 hadi 12. Ikikua, hesabu inabadilika.

Mdodosi: Na ile vena? Aspirini je?

Picha na Kivuli: Vena isiguswe! Inaondoa damu kutoka sehemu ya ubongo yenye afya; ukiifunga, eneo hilo linavimba na kufa. Aulize tu kama pembeni yake kuna kavanoma (kifundo cha mishipa midogo dhaifu inayoweza kuvuja damu). Picha za MRI zinazonasa chuma cha damu ya zamani huionyesha.

Mshipa Mkuu: Aspirini asiiache bila daktari wake wa moyo. Akipata maumivu makali ya kichwa yanayofika kileleni ndani ya sekunde, au kope ikaanguka na mboni kupanuka jicho moja, hospitali saa hiyohiyo.