Tofauti ya muda wa kuingia na kutoka inaniletea namba za ajabu, nimekosea wapi?

mtunza_tebo:
Wakuu habari zenu, naomba msaada nimekwama siku ya tatu sasa. Natengeneza skripti ya PHP ya kurekodi wafanyakazi wanavyoingia na kutoka kazini, databesi ni MySQL, tebo ina kolamu mbili za DATETIME (tarehe na saa pamoja). Nikaandika kweri (swali kwa databesi) rahisi tu:

SELECT jina, muda_kutoka - muda_kuingia AS muda FROM mahudhurio

Sasa aliyeingia 09:10:00 akatoka 09:40:00 inaleta 3000, nikasema sawa, hiyo ni dakika 30 na sekunde 00, nikaendelea kujenga ripoti nzima juu yake. Jana napitia nakuta mtu kaingia 09:55:00 katoka 10:05:00, dakika kumi tu, inasoma 5000, yaani dakika 50! Hawa watu wanalipwa kwa saa, sitaki mtu apunjwe wala azidishiwe kwa sababu ya skripti yangu. Mwisho wa mwezi nataka pia jumla ya saa za kila mtu.

kijana_wa_seva:
Mkuu usitoe moja kwa moja hivyo, tumia TIMEDIFF(muda_kutoka, muda_kuingia), itakuletea 00:10:00 safi kabisa. Jumla ya mwezi unaiwekea SUM juu yake basi umemaliza.

bi_hesabu:
Kijana hapo mwanzo uko sawa ila hiyo SUM itamponza. Ngoja nieleze kwanza ile 5000 imetoka wapi maana ukishaielewa mengine yanakuja yenyewe. Ukitoa DATETIME kwa alama ya kutoa, MySQL inaigeuza kila tarehe kuwa namba ndefu isiyo na nafasi wala nukta, mfano 20240301100500, halafu inatoa kama namba za kawaida. Kwa hiyo 100500 kutoa 095500 ni 5000. Hesabu ikikopa inakopa 100, wakati saa inakopa 60. Ile ya 09:10 na 09:40 ilitoka vizuri kwa sababu saa haikubadilika, hapakuwa na kukopa, na ndiyo maana kosa hili linakaa kwenye ripoti muda mrefu bila mtu kuliona.

SUM juu ya TIMEDIFF ni ugonjwa uleule, 08:30:00 inageuka 83000, ukijumlisha siku mbili za hivyo unapata 166000 badala ya saa 17. Wewe hesabu kwa sekunde mwanzo mpaka mwisho:

SELECT jina, SUM(TIMESTAMPDIFF(SECOND, muda_kuingia, muda_kutoka)) AS sekunde FROM mahudhurio GROUP BY jina

(weka namba ya mfanyakazi badala ya jina, watu wawili wakifanana jina utawaunganisha saa zao). Angalia mpangilio, TIMESTAMPDIFF inaanza na muda wa mwanzo, TIMEDIFF inaanza na wa mwisho, ukichanganya unapata hasi. Na usiombe HOUR badala ya SECOND, aliyefanya saa 1 na dakika 59 atahesabiwa saa 1 tu, zile dakika zinakatwa, kwa watu wanaolipwa kwa saa hiyo ni dhuluma.

Kuonyesha saa fanya upande wa PHP:

sprintf('%d:%02d', intdiv($s, 3600), intdiv($s % 3600, 60))

Kuna SEC_TO_TIME pia ila aina ya TIME inaishia 838:59:59, haifiki hata siku 35. Mtu mmoja kwa mwezi hafiki huko, ila ukijumlisha idara nzima inagota hapo, na namba inayoonekana si ya kweli.

mtunza_tebo:
Bi_hesabu Mungu akubariki, nimebadilisha na ile ya 5000 sasa inasoma 600, nimekaa nikapiga rekodi ishirini kwa mkono kwenye karatasi zote zimekubali. Limebaki moja. Ambao bado wako ndani muda_kutoka ni NULL (patupu), nikaweka COALESCE(muda_kutoka, NOW()), yaani pakiwa patupu ichukue saa ya sasa, ili nione wamekaa muda gani, sasa mtu kaingia dakika tano zilizopita inasema kakaa saa 3 na dakika 5. Muda wa kuingia nauandika kwa date() ya PHP.

fundi_kweri:
Hapo una saa mbili ukutani kaka. date() inafuata saa za eneo zilizowekwa kwenye PHP, NOW() inafuata za MySQL, na kwenye seva yako zimepishana saa 3. Fanya zote UTC (saa ya dunia isiyofuata eneo), wakati wa kuandika tumia gmdate('Y-m-d H:i:s'), kwenye kweri weka UTC_TIMESTAMP() badala ya NOW(), saa ya eneo ibadilishe pale unapomwonyesha mtu tu. Rekodi za zamani ambazo hazikuandikwa kwa UTC zirekebishe mara moja kwa UPDATE, chukua nakala ya tebo kwanza tafadhali. Faida nyingine, kuna nchi zinarudisha saa nyuma mara moja kwa mwaka, usiku huo saa moja inajirudia na mlinzi wa zamu anapotea saa nzima kwenye hesabu, UTC haina hilo.

Zamu ya usiku nayo, kwa kuwa una DATETIME uko salama, aliyeingia saa nne usiku akatoka saa nane inaleta saa 4 bila shida. Usije ukashawishika kuhifadhi saa peke yake bila tarehe, itakupa hasi 20 halafu uanze kuongeza 24 kwa kubahatisha.

kijana_wa_seva:
Nimejifunza kitu, asante bi_hesabu. Niongeze hili, ukitafuta walioingia nusu saa iliyopita usiandike WHERE TIMESTAMPDIFF(MINUTE, muda_kuingia, UTC_TIMESTAMP()) < 30, hiyo inapiga hesabu kwa kila mstari wa tebo na indeksi (orodha ya databesi ya kutafutia haraka) haitumiki. Iache kolamu peke yake upande wa kushoto, muda_kuingia > UTC_TIMESTAMP() - INTERVAL 30 MINUTE. Tebo ikiwa ndogo huoni tofauti, ikijaa utaiona.