Naomba ushauri: kimeng'enya hakimalizi DNA, mchuzi wa seli zilizopasuliwa bado unavutika

Habari zenu wakuu. Natengeneza virusi vya AAV (virusi vidogo vya kubebea jeni) kwenye seli za HEK293 (seli za binadamu za maabara), lita 2 kwa mkupuo. Nikishapasua seli kwa sabuni, naweka chumvi ya NaCl hadi milimola 500 kwa lita ili virusi visishikamane. Kisha naweka endonyukliezi (kimeng'enya kinachokatakata DNA) ya bakteria Serratia marcescens, uniti 50 kwa mililita, na magnesiamu milimola 2. Saa moja, nyuzi 37.

Tatizo DNA haiishi. Ukiinua pipeti, mchuzi unashuka kama uzi wa mlenda, na chujio la maikromita 0.45 linaziba kabla hata nusu lita haijapita. Nimeongeza dozi mara mbili (bei yake mnaijua), nimeacha usiku kucha. Wapi! EDTA (kemikali inayonasa magnesiamu) haimo, pH ni 8.

Nashuku chumvi, maana kimeng'enya hiki hulegea ikizidi milimola 150 hivi. Je, nikitangulize, chumvi ifuate baadaye, virusi havitaganda na DNA hapo katikati? Au ninunue tu kile kinachostahimili chumvi nyingi? Aliyekitumia, alikiondoaje mwishoni?